Mkono wa Mwenyewe na Mkono wa Fundi

Msomaji, ukipita Kariobangi au Shauri Moyo, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, utawaona vijana wameinamia injini iliyofunguliwa chini ya jua kali. Huenda gari hilo ni gari la mbio, na mwenyewe amesimama kando akiwaza: je, nichukue spana niirekebishe injini yangu mwenyewe, au nimlipe fundi aliyesomea kazi hiyo? Swali hili lina historia ndefu katika nchi yetu, nayo yafaa kujulikana, kwani si swali la magari peke yake.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Injini huvuta hewa, huichanganya na petroli, kisha cheche ya plagi huwasha mchanganyiko huo. Kurekebisha injini ni kupatanisha mambo hayo matatu: kiasi cha hewa, kiasi cha petroli, na wakati wa cheche. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Kwa hiyo gari la kabureta lililorekebishwa Mombasa, likifika Nairobi, hupata petroli iliyozidi kwa hewa iliyopo. Hutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Mafundi wa zamani waliujua ukweli huo kwa kuitazama rangi ya plagi: ikiwa nyeusi kama masizi, petroli imezidi, ikiwa nyeupe, imepungua.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka ya mwanzo magari yaliyoshindana yalikuwa kama yale yaliyouzwa madukani, nayo yaligawanywa kwa bei zake. Hapo ndipo mkono wa mwenyewe ulipopata nafasi. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao, Volvo PV544, halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumiwa na kampuni yenyewe katika mashindano, nao wakalitengeneza upya kwa mikono yao.

Wengi husimulia habari hiyo wakisema, “Tazama, mtu aweza kujifanyia mwenyewe akawashinda wakubwa!” Lakini tusiharakishe. Joginder hakuwa mtu aliyeokota spana jana. Alikuwa makanika tangu ujanani, aliyelelewa katika karakana. Mkono wa mwenyewe na mkono wa fundi ulikuwa mkono mmoja. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976 kwa gari la Mitsubishi Lancer. Wakati huo Safari ilikuwa imekwisha kuingizwa katika ubingwa wa dunia, tangu mwaka 1973, na makampuni makubwa yalikuja na mafundi wao na vipuri tele.

Sasa turudi katika mitaa yetu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na pamoja nayo karakana za chuma. Nyumba za Muthurwa na Makongeni zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Huko mtu alifundishwa kwa utaratibu, akapimwa, akapewa daraja. Wengine hawakupata nafasi hiyo. Walijifunza kwa kusimama kando ya fundi, kumshikia taa na kumwoshea vyuma, mpaka siku walipoaminiwa kufungua injini. Hao ndio watu wa jua kali. Kwa miaka mingi walifukuzwa kama wavunja sheria. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa taarifa juu ya Kenya iliyoonyesha kwamba kazi zao ni sehemu ya uchumi wa nchi, na mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, kisha mabanda yakajengwa wapate kivuli.

Basi tusimdharau fundi asiye na cheti, wala tusikidharau cheti. Cheche ikiwahi mno kuwaka, pistoni hugongwa kabla ya kumaliza safari yake, nayo yaweza kutoboka. Injini haiulizi ni nani aliyekosea. Na magari ya siku hizi huongozwa na kompyuta ndogo. Sikio na jicho peke yake havitoshi, huhitajika chombo cha kuisoma.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na gari na hamu ya kujifunza, anza na yale yanayopimika na kurudishwa yalivyokuwa: safisha plagi, badilisha chujio la hewa, pima mafuta. Lakini linalohitaji kipimo usichonacho, mpelekee mwenye kipimo, nawe usimame karibu ukiuliza maswali. Na ukimchagua fundi, usitazame jengo lake tu. Mwulize atapima nini, na kwa nini. Ajuaye kazi yake atakueleza, awe ndani ya karakana kubwa au chini ya jua la Kariobangi. Wazee walisema ujuzi hauzeeki. Nasi twaweza kuongeza kwamba haujali umepatikana chini ya paa gani, bali hukataa kabisa kubahatishwa.