Deni la Ukarimu

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walisema tena, "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe." Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza yatufundisha kwamba mgeni huja na heri yake. Ya pili yatukumbusha kwamba mgeni akaapo sana hana budi kushika kazi za nyumba kama wenyewe. Siku hizi vijana wengi wa shule huvuka bahari wakakaa mwaka mzima katika nyumba za watu wasiowajua, na Japani ni mojawapo ya nchi zinazowapokea. Wanaporudi makwao husimulia habari za chakula, baridi na lugha. Ni wachache wanaojiuliza: je, mgeni wa namna hii hupata nini, hupoteza nini, naye huwa na deni gani kwa wale waliompokea?

Ili tujibu maswali hayo, na tutazame habari za nyumba mbili za zamani: moja ilikuwa katika mji wa New Haven, huko Marekani, na ya pili katika mji wa Tokyo. Waliokaa ndani yake walikuwa wanawake, na habari zao zimeungana kama uzi na sindano.

Mwaka 1868 Japani ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Utawala wa majemadari wa ukoo wa Tokugawa, uliokuwa umedumu zaidi ya miaka 250, uliangushwa, na mamlaka yakarudishwa kwa Mfalme Meiji. Watu wa Aizu, waliowatii majemadari, walizingirwa katika ngome yao ya Wakamatsu kwa muda wa mwezi mmoja. Ndani ya ngome hiyo alikuwamo mtoto wa kike wa miaka minane, jina lake Yamakawa Sakiko. Yeye na wanawake wengine walisaidia kubeba risasi na kuzima makombora yaliyoanguka. Kombora moja lilimwua mke wa kaka yake. Mwishowe ngome ilisalimu amri, na watu wa Aizu wakapelekwa katika nchi ya baridi na umaskini kaskazini.

Miaka mitatu ikapita. Serikali mpya ilitaka kujifunza elimu ya nchi za ng'ambo, ikatayarisha ujumbe mkubwa chini ya Iwakura Tomomi uende Marekani na Ulaya. Jemadari Kuroda Kiyotaka, ambaye alikuwa amezuru Marekani na kuona jinsi wanawake wa huko walivyoelimika, alishauri wasichana pia wapelekwe. Wangekaa miaka kumi, nayo serikali ingelipa gharama zote. Hapo kwanza hakuna mzazi aliyekubali. Mwishowe walipatikana wasichana watano, wote wa jamaa zilizokuwa upande wa walioshindwa. Mkubwa wao hakuwa amepita miaka kumi na sita. Mdogo kabisa, Tsuda Umeko, alikuwa na miaka sita tu. Sakiko alikuwa na kumi na mmoja. Kabla hajaondoka, mama yake alimbadilisha jina akamwita Sutematsu, jina ambalo masikioni mwa Wajapani lina maana ya kutupa na kungojea. Mama alikuwa akimtupa mwanawe baharini, na papo hapo akianza kumngoja.

Wasichana hao waliitwa mbele ya Malkia, wakapewa waraka uliowaamuru wasome kwa bidii usiku na mchana, ili warudipo wawe mfano kwa wanawake wa Japani. Tarehe 23 Desemba, 1871, merikebu yao iling'oa nanga Yokohama. Tarehe 15 Januari, 1872, wakafika San Francisco. Hawakujua Kiingereza.

Mjini Washington balozi kijana, Mori Arinori, aliwaweka wote katika nyumba moja pamoja na mwalimu. Ikawa kama ilivyo popote: walipokuwa pamoja walizungumza lugha yao, na Kiingereza hakikusonga mbele. Wawili waliokuwa wakubwa walirudishwa kwao. Basi Mori akawatenganisha watatu waliobaki, kila mmoja katika nyumba yake. Umeko alipelekwa Georgetown kwa Bwana Charles Lanman na mkewe Adeline, watu wasio na mtoto. Nagai Shigeko alipokewa na jamaa ya Abbott. Sutematsu akapelekwa New Haven, nyumbani kwa mchungaji Leonard Bacon.

Mzee Bacon hakuwa tajiri, na watoto wake walikuwa wengi. Alikuwa ameipinga biashara ya utumwa kwa kalamu na kwa mahubiri. Binti yake wa mwisho, Alice, alikuwa na miaka kumi na minne, naye Sutematsu kumi na miwili. Watoto hawa wawili wakakua kama ndugu. Walisoma pamoja, wakafanya kazi za nyumba pamoja. Kenjiro, kaka yake Sutematsu, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi katika mji uo huo, alimjia mara kwa mara kumfundisha Kijapani, maana aliogopa asije akaisahau lugha ya mama yake. Jambo hili dogo lilikuja kuwa kubwa, kama tutakavyoona. Mwaka 1882 Sutematsu alimaliza masomo ya Chuo cha Vassar, akawa mwanamke wa kwanza wa Japani kupata shahada ya chuo kikuu.

Mwezi wa Novemba mwaka huo yeye na Umeko walirudi Yokohama. Hapo ndipo ilipoonekana bei ya ugeni. Umeko alikuwa karibu na miaka kumi na minane, naye Kijapani kilikuwa kimemtoka chote. Baba yake alijua Kiingereza, lakini mama hakukijua. Fikiri, msomaji: binti amengojewa miaka kumi na mmoja, amefika mlangoni, naye hawezi kumwambia mama yake neno lolote ila kwa kinywa cha mtu mwingine. Kuketi sakafuni kulimwumiza miguu, na adabu za nyumba ilimbidi azisome upya kama mtoto. Sutematsu, kwa sababu ya mafundisho ya kaka yake, aliweza kuzungumza, lakini kusoma na kuandika lugha yake kulimshinda.

Wala serikali haikuwa na kazi ya kuwapa. Idara iliyowapeleka ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka uo huo. Vijana wa kiume waliorudi kutoka ng'ambo walipewa vyeo. Wasichana waliulizwa wataolewa lini. Sutematsu aliolewa mwaka 1883 na Jemadari Oyama Iwao, Waziri wa Vita, mtu aliyekuwa miongoni mwa majeshi yaliyoizingira ngome ya Aizu alipokuwa mtoto. Umeko alikataa kuolewa. Mwishoni mwa mwaka 1883 aliingia katika nyumba ya Ito Hirobumi, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Japani. Kazi yake ilikuwa kumfundisha mke na binti za mwenye nyumba Kiingereza, naye akajifunza kwao Kijapani na adabu zake. Hivyo Umeko alikuwa mgeni katika nchi aliyozaliwa, akapata wenyeji wa kumwonyesha njia. Mwaka 1885 ilifunguliwa shule ya binti za makabaila mjini Tokyo, naye akawa mmoja wa walimu wake.

Sasa yatupasa kurudi kwa Alice Bacon. Yeye alikuwa akifundisha katika shule ya Hampton, jimbo la Virginia, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya Waafrika wa Marekani waliotoka utumwani. Mwaka 1888 shule ya makabaila wa Tokyo ilimwita aje afundishe Kiingereza kwa mwaka mmoja. Rafiki zake walikuwa wakimngojea huko. Akavuka Pasifiki kwa njia ile ile waliyopita wao, ila yeye alielekea magharibi.

Alice hangeshindwa kukaa miongoni mwa wageni Wazungu, kama walivyofanya walimu wengi wa ng'ambo. Yeye alichagua kukaa na Umeko na wanawake wengine wa Kijapani, katika nyumba ambayo nusu yake ilijengwa Kizungu na nusu Kijapani. Katika nyumba ya Kijapani watu huvua viatu mlangoni, kwa sababu sakafu hutandikwa mikeka minene ya mabua ya mpunga. Huketi kwa magoti, na magodoro hukunjwa asubuhi yakawekwa kabatini, ili chumba cha kulalia kiwe cha kukaa. Milango ya karatasi haifunguki kama yetu, bali husukumwa kando. Mambo haya msafiri yeyote huyaona siku ya kwanza. Kukaa mwaka mzima humwonyesha mengine.

Mfano mmoja ni habari ya watumishi. Wageni wengi walinung'unika kwamba mtumishi wa Kijapani haijali amri: akiambiwa afanye jambo hivi, hulifanya vile. Alice aliishi nao akafahamu sababu yake. Katika nyumba za Japani mtumishi hakuwa chombo cha kutimiza maneno ya bwana. Alitazamiwa kutumia akili yake na kuitafutia nyumba faida. Akiona amri haifai, alidhani ni wajibu wake kutenda lililo bora. Yule ambaye mpita njia alimwita mkaidi, kwa mwenyeji alikuwa mwaminifu. Vivyo hivyo Alice aliona kwamba mke wa mkulima, aliyefanya kazi shambani bega kwa bega na mumewe, alikuwa na uhuru kuliko bibi wa ikulu aliyevaa hariri. Aliona pia machungu: mke aliweza kuachwa kwa urahisi, na watoto walibaki kwa baba.

Mwaka huo ulikuwa mkubwa katika historia ya nchi. Tarehe 11 Februari, 1889, Mfalme alitangaza katiba mpya, na mji wote wa Tokyo ukapambwa. Asubuhi ya siku hiyo hiyo Mori Arinori, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Elimu, alichomwa kisu nyumbani kwake na kijana aliyemshtaki kwamba amedharau mahali patakatifu. Alikufa kesho yake. Huyu ndiye aliyewatafutia wasichana wale watatu nyumba za kukaa. Katiba ikaja na bunge, lakini kura walipewa wanaume wenye mali tu. Wanawake hawakupewa kitu.

Mwaka 1889 Umeko alirudi Marekani kusoma elimu ya viumbe katika Chuo cha Bryn Mawr, na Alice naye akarejea kwao. Walipokutana Hampton mwaka 1890, Umeko alimsaidia Alice kutunga kitabu juu ya wasichana na wanawake wa Japani. Kilitoka mwaka 1891, nacho Alice alimtunukia Sutematsu, ndugu yake wa utotoni. Umeko aliona kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesomeshwa kwa fadhili za watu, akachangisha fedha ili wasichana wengine wa Japani wapate kusoma Marekani.

Mwaka 1900 Umeko aliacha kazi yake kwa makabaila, akafungua shule yake ndogo mjini Tokyo kwa wasichana wa kila jamaa. Siku ya kwanza wanafunzi walikuwa kumi tu. Alice alivuka bahari mara ya pili, akamsaidia kufundisha hadi mwaka 1902. Sutematsu, mke wa jemadari, aliikinga shule kwa jina na cheo chake. Shule hiyo leo ni Chuo Kikuu cha Tsuda. Alice alifariki mwaka 1918, Sutematsu mwaka 1919, na Umeko mwaka 1929. Mwaka 1984 mamia ya barua ambazo Umeko alimwandikia Bibi Lanman, mama yake wa Georgetown, yaligunduliwa katika chumba cha darini chuoni hapo. Na tangu mwaka 2024 sura ya Umeko imo katika noti ya yeni 5,000.

Tumeuliza mgeni hupata nini na hupoteza nini. Umeko alipata elimu, akapoteza lugha ya mama yake. Ilimpasa kuikomboa kwa jasho. Sutematsu hakupoteza yote, kwa kuwa palikuwa na ndugu aliyemkumbusha maneno ya kwao. Na deni je? Mzee Bacon alikufa mwaka 1881, kabla binti yake hajapokewa Tokyo. Yeye hakulipwa. Deni lililipwa kwa Alice, na Alice akalipeleka kwa wasichana wa Tokyo ambao baba yake hakuwajua hata kwa majina.

Basi, kijana usomaye kurasa hizi, ukijaliwa siku moja kupokewa katika nyumba ya ugenini, vua viatu vyako mlangoni, shika jembe siku ya tatu, na uandike kwenu mara kwa mara kwa lugha ya mama yako. Na ikiwa mgeni atakuja kwenu, usimpe kitanda na chakula tu. Mwonyeshe kwa nini mnafanya kama mnavyofanya. Hayo ndiyo atakayorudi nayo.