Sultani wa Jaani: Uongo, Cheo na Utu katika Kisa cha Sultani Darai

Ngano nyingi za kabwela anayejifanya mfalme hadi akamwoa binti wa mfalme humwekea msomaji saa moja ya kungojea: saa ya kuumbuka. Kisa cha Sultani Darai, kilichosimuliwa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870, hakina saa hiyo. Hakuna anayeuchunguza ukoo wa Darai, wala hakuna anayemshtaki, na bado anapoteza kila kitu. Makala haya yanadai kwamba msimulizi anausamehe uongo wa cheo ili apate kuhukumu jambo zito zaidi, yaani namna mwenye cheo anavyomtendea aliyempandisha.

Darai tunakutana naye jaani, akichakura punje za mtama ili apate riziki ya siku. Siku moja anaokota themuni, naye anaitumia kumnunua paa. Paa huyo anafukua almasi, anaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali kama salamu za bwana wake, Sultani Darai, kisha anamposea binti. Maskini mwenyewe hana hata nguo ya kuvaa mbele ya mkwe. Paa anamwogesha mtoni, halafu anakwenda kueleza kuwa bwana wake amevamiwa na wanyang'anyi njiani. Zinaletwa nguo za kifalme pamoja na farasi, na ndoa inafungwa.

Tukio hilo la mtoni lina uzito wake katika Unguja ya wakati ule. Soko la watumwa lilikuwa bado wazi, maana lilifungwa mwaka 1873, na mavazi yalimtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa. Msikilizaji aliyeishi katika mji wa namna hiyo alijua vizuri kuwa maji na kanzu safi vingeweza kumvusha mtu daraja. Ndiyo maana msimulizi hapotezi muda kuthibitisha kwamba ulaghai huo unawezekana.

Muundo huu unafanana mno na ule wa ngano ya paka mwenye buti, iliyochapishwa na Charles Perrault wa Ufaransa mwaka 1697. Humo pia mnyama anambuni bwana mkubwa kutokana na fukara, anampatia mavazi kwa hila ya mtoni, kisha anaua zimwi ili ampatie jumba. Paa naye anaua nyoka mwenye vichwa saba na kutwaa nyumba yake. Lakini Perrault anaishia kwenye harusi na neema: mwana wa msaga unga anabaki na vyote, na paka anakuwa bwana mkubwa. Msimulizi wa Unguja anaendelea pale mwenzake alipokoma.

Paa anaugua. Bibi mzee wa nyumba anapeleka habari kwa bwana, naye Darai anaagiza mgonjwa apikiwe uji wa mtama mwekundu. Nyumba imejaa neema, naye anachagua chakula duni kuliko vyote. Mkewe anamsihi, hasikii. Paa anakufa na kutupwa kisimani. Binti anamwandikia baba yake, naye sultani anakuja, anaingia mwenyewe kisimani kumtoa paa, kisha anamzika kwa heshima. Usiku ule binti anaota yuko kwao, na anapoamka yuko kwao kweli. Darai anaamkia jaani.

Mtu anaweza kusema kwamba kisa hiki kinatetea daraja za kuzaliwa, kwa kuwa fukara anarudishwa alikotoka. Hoja hiyo inaanguka tukiutazama mpangilio wa matukio. Kama kosa lingekuwa kujipachika usultani, adhabu ingemwanza paa, kwa kuwa ndiye aliyeubuni uongo wote. Yeye ndiye anayeliliwa na kuzikwa na mfalme. Sultani wa kweli naye hapimwi kwa nasaba. Anapimwa kisimani, kwa mtihani uleule ambao mkwewe ameshindwa. Binti, kwa upande wake, hakuvunjwa moyo na habari za jaani. Alivunjwa moyo na bakuli la uji.

Hivyo kisa kinawataka wenye vyeo wajibu swali ambalo hati ya ukoo haiwezi kulijibu. Kwa kipimo chake, aliyezaliwa ikulu na aliyevishwa mtoni wote ni wadeni, na mdeni anayemkana mdai wake amejivua usultani kwa mkono wake mwenyewe.