Klimatizere ikipandisha presio: kutafuta joto limekwama wapi mbele ya kugusa gazi

Katika miji yenye joto kali ya mashariki mwa Kongo, sawa vile Uvira, Kalemie ao Kindu, klimatizere ya nyumbani ikianza kupuliza hewa ya vuguvugu, mara nyingi mwenye nyumba anaambiwa: « Gazi imeisha. » Fundi anaunga chupa, anaongeza gazi, analipwa, anaenda. Ikiwa gazi ilikuwa imeisha kweli, sawa. Lakini ikiwa shida ilikuwa presio kupanda kupita kiasi, ile gazi ya kuongeza inasukuma kompresere kwenye kuungua. Na kompresere ya kununua, pamoja na kazi ya kuiweka, inaweza kukaribia bei ya klimatizere mpya.

Klimatizere haitengenezi baridi, inahamisha joto. Gazi inachukua joto la chumba, kompresere inaikamua, kisha inapita katika mabomba ya chombo cha inje, ambako vantilatere inapuliza hewa ili joto litoke. Hapo gazi inageuka maji-maji na kurudi ndani. Joto likikosa njia ya kutoka kule inje, presio inapanda. Kwa hiyo presio ya juu ni alama tu, kama homa kwa mtoto: lazima kujua inatoka wapi.

Mbele ya kusema kama presio iko juu, ni lazima kujua iko juu ya nini. Jina la gazi limeandikwa kwenye kibandiko cha chombo cha inje: R22 kwa mashine za zamani, R410A ao R32 kwa za sasa. Hewa ya inje ikiwa digri 32, gazi kwa kawaida inageuka maji-maji kwenye digri 42 hadi 47. Kwa R22, ni karibu bar 15 hadi 17 kwenye manometre. Kwa R410A, ni karibu bar 24 hadi 28, na R32 iko juu yake kidogo. Fundi aliyezoea R22 akiona bar 26 anaweza kuogopa bure.

Kuna jambo lingine ambalo linachanganya. Klimatizere nyingi ndogo zina tundu moja tu la kupimia, kwenye bomba nene, upande wa presio ya chini. Manometre ikiunganishwa hapo mashine ikifanya kazi ya baridi, haisomi presio ya juu. Fundi anapashwa kuikisia kwa dalili: ampere zinazopita namba ya kibandiko (zinapimwa kwa pensi ya ampere), chombo cha inje kinachozimika chenyewe kisha dakika chache na kuwaka tena, presio ya chini ambayo nayo imepanda wakati chumba hakipoi.

Kazi ya kwanza haiombi chupa yoyote. Ni kutazama kile chombo cha inje. Vumbi ya barabara na mafuta ya jikoni vinashikana kwenye mapezi yake mpaka hewa haipiti. Pengine mwenye nyumba, kwa kuogopa wezi, amekifungia ndani ya sanduku la chuma lenye matundu madogo, ao amekisukuma kwenye kona ya ukuta. Kinameza tena hewa ya moto ambayo kimetoka kuitoa. Kuran ikatwe, chombo kioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka ndani kwenda inje, bila kupinda mapezi. Mashine nyingi zinapona hapo.

Kisha, vantilatere. Ikizunguka polepole, ao ikingoja kusukumwa kwa kijiti ili ianze, mara nyingi ni kondansatere yake imechoka, na hiyo ni bei ndogo. Kondansatere inabaki na umeme hata kuran ikikatwa, kwa hiyo haiguswi bila kuitoa umeme kwanza. Volti nazo zipimwe saa za jioni, wakati mtaa mzima umewasha: kuran ikishuka sana, vantilatere za aina nyingi zinapoteza nguvu na kompresere inavuta ampere nyingi zaidi.

Yote hayo yakiwa sawa, inabaki mashaka mawili: hewa imeingia katika mabomba, ao gazi imezidi. Kuna kipimo kinachoyatenganisha, na hata tundu moja linatosha. Mashine izimwe masaa kadhaa, afazali usiku, hadi ndani na inje viwe na joto moja. Kwa digri 25, R22 safi inaonyesha karibu bar 9,4, na R410A karibu bar 15,5. Namba ikipita hapo waziwazi, sawa vile bar 18 kwa R410A, ndani kuna hewa ao gazi ya kuchanganywa. Gazi iliyozidi tu haibadilishi namba hiyo.

Hewa inaingia hasa wakati fundi anafunga mashine bila pampu ya kunyonya, akifukuza hewa kwa gazi kidogo. Dawa yake ni kutoa gazi yote, kunyonya vizuri, kisha kuweka gazi mpya kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Dawa ya gazi iliyozidi ni hiyo hiyo ya mizani. Kwa mafundi wa Goma na Bukavu: huko juu, karibu metre 1500, sindano ya manometre haifiki bar -1 hata pampu ikiwa nzima, inaishia karibu -0,85. Wengine wametupa pampu nzuri kwa sababu hiyo.

Kuna kosa moja ambalo halina masahihisho. Kutafuta mahali panapovuja, wengine wanajaza mabomba oksijeni ya chupa ya kuchomelea, kwa sababu iko karibu. Oksijeni yenye presio ikikutana na mafuta ya kompresere inalipuka, na watu wamekufa hivyo katika inchi mbalimbali. Kinachotumiwa ni azoti kavu, na detanderi yake. Fundi akifika na chupa ya oksijeni akisema anataka « kupima mabomba », mwenye nyumba ana haki ya kumusimamisha pale pale.