Kiungo Thabiti na Kiungo Elekezi

Amri ya ln ina herufi mbili tu, lakini hufanya kazi mbili ambazo ni rahisi kuchanganywa. Katika Linux, macOS na mifumo mingine ya jamii ya Unix, amri hiyo hutengeneza viungo vya faili: aina ya kwanza kwa ln peke yake, ya pili kwa ln -s. Kiingereza huvitofautisha kwa sifa zenye maana ya “-gumu” na “-a ishara”. Tukifasiri neno kwa neno tutapata “kiungo kigumu” na “kiungo cha ishara”, na msomaji atabaki na maswali: kigumu kwa lipi, na ishara ya nini? Napendekeza kiungo thabiti na kiungo elekezi. Sababu zimo katika utendaji wa viungo vyenyewe.

Jina tunaloliona kwenye folda halimo ndani ya faili. Kila faili ina rekodi yake diskini, iitwayo ainodi, inayotunza ukubwa, mmiliki, ruhusa, tarehe na mahali data ilipo. Rekodi hiyo hutambulika kwa namba. Folda nayo ni orodha tu ya majina, kila jina na namba yake.

Tuseme tuna faili iitwayo ripoti.txt. Tukiandika ln ripoti.txt mapato.txt, hakuna data inayonakiliwa. Folda huongezewa jina jipya lenye namba ileile ya ainodi. Ni kama mwanamke anayeitwa Zuhura kazini na Mama Juma mtaani: majina mawili, mtu mmoja. Ukihariri mapato.txt, mabadiliko utayakuta pia ndani ya ripoti.txt. Amri ya ls -li itakuonyesha namba hiyo moja kwenye majina yote mawili, pamoja na idadi ya viungo, ambayo sasa ni 2.

Hapa ndipo sifa ya uthabiti inapostahili. Ukifuta ripoti.txt kwa amri ya rm, kinachoondoka ni jina. Idadi inashuka hadi 1 na data inabaki salama chini ya jina la pili. Nafasi ya diski huachiliwa pale tu idadi inapofika 0 na hakuna programu iliyoifungua faili hiyo. Uthabiti huo una mipaka yake. Namba ya ainodi ina maana ndani ya mfumo mmoja wa faili, kwa hiyo kiungo thabiti hakiwezi kutoka diski moja kwenda nyingine. Linux pia hairuhusu kukitengeneza kwa folda, ili kuepusha mizunguko isiyo na mwisho.

Kiungo elekezi ni kitu kingine. Amri ya ln -s huunda faili ndogo yenye ainodi yake, na kilichomo ndani ni njia tu: maandishi yanayosema faili lengwa iko wapi. Kwa kuwa kinaelekeza kwa njia, kinaweza kuvuka diski, kuelekeza kwenye folda, hata kuelekeza kwenye faili ambayo bado haipo. Lakini lengo likifutwa au kuhamishwa, kiungo hubaki kikielekeza pasipo na kitu. Tena, njia isiyoanzia kwenye mzizi wa mfumo husomwa kuanzia folda ambamo kiungo kimo, si pale ulipokuwa ulipoandika amri. Viungo vingi huvunjika kwa sababu hiyo.

Aina hizi hazikuzaliwa pamoja. Amri ya ln imo katika mwongozo wa kwanza wa Unix wa mwaka 1971, wakati kiungo thabiti kilikuwa peke yake. Kiungo elekezi kiliingia Unix kwa toleo la 4.2BSD la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983, na kikaziba mapengo ya mwenzake. Windows ilipata amri ya mklink katika toleo la Vista. Huko jina la kiungo hutangulia na lengo hufuata, kinyume cha ln.

Neno kiungo limekwisha kuzoeleka kwa watumiaji wa intaneti, hivyo hatuhitaji kulibuni upya. Thabiti hueleza kifungo kisichotegemea jina la kwanza. Elekezi, sifa tuliyoizoea katika “bei elekezi”, hueleza kitu kinachoonyesha mahali bila kuwa mahali penyewe.

Walimu na wafasiri wa programu, tuzitumie istilahi hizi kwa pamoja ili mwanafunzi aijue tofauti tangu siku ya kwanza. Na kila mtumiaji akumbuke: si kiungo thabiti wala kiungo elekezi kinachochukua nafasi ya nakala ya akiba. Ukitaka nakala, tumia cp, kisha uihifadhi kwenye diski nyingine.