Sarafu zilizobeba dua: Kilwa na ugomvi wa Ali bin al-Hasan

Mwaka 2024 ulikuwa na kumbukumbu mbili ambazo mimi sikuzisikia zikitajwa redioni wala kwenye hotuba ya mtu yeyote. Ilitimia miaka 40 tangu ardhi ya Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilipotoa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Ikatimia pia miaka 80 tangu mwanajeshi mmoja wa Australia alipookota mchangani, kaskazini kabisa mwa nchi yake, sarafu tano za shaba za Kilwa. Kwa wanaokusanya na kuchunguza sarafu zenye maandishi ya dini, hayo ni matukio mazito. Kwa sisi wenye Kilwa yetu na Pemba yetu, yamepita hivi hivi.

Ninaziita sarafu za dini kwa kuwa ndivyo zilivyo. Sarafu ya sultani wa Kilwa haina sura ya mfalme, haina mnyama wala jengo. Haina mwaka, wala jina la mji ilikopigwa, wala thamani yake. Ni kipande cha shaba chenye upana wa kama sentimita mbili, aghalabu kingo zake hazikukaa sawa, na kila upande una maandishi ya Kiarabu. Chukua ile ya Ali bin al-Hasan. Upande mmoja una jina lake. Ukigeuza unakuta maneno *yathiqu bi-mawla al-minan*, yaani anamtegemea Mola mwenye fadhila. Chukua ya al-Hasan bin Sulaiman: upande wa pili unasema *yathiqu bi-l-wahid al-mannan*, anamtegemea Mmoja, Mpaji. Sasa zisome kwa sauti. Hasan, minan. Sulaiman, mannan. Jina la mtawala na sifa ya Mwenyezi Mungu vinafunga kina, na ili upate shairi zima lazima uigeuze sarafu mkononi.

Mimi sijui pwani nyingine yoyote ambayo mtu alikwenda sokoni na ubeti mfukoni. Washairi wa Lamu na Mombasa tunawaimba, na ni haki yao. Lakini karne nyingi kabla ya tenzi tulizonazo leo, kulikuwa na mtu Pemba au Kilwa aliyekaa akatafuta neno la kumsifu Mungu litakalolingana kwa sauti na jina la bwana wake, kisha fundi akalichonga kwenye muhuri.

Mpangilio wa kitaalamu wa sarafu hizi ulianza mwaka 1936, pale John Walker wa British Museum alipochapisha kwenye jarida la Numismatic Chronicle makala ndefu juu ya historia na sarafu za masultani wa Kilwa. Walker aliyasoma maandishi, akayaoanisha na majina yaliyomo kwenye tarikhi ya Kilwa, ile ambayo Sir John Kirk aliipata Zanzibar na ambayo matini yake ya Kiarabu ilichapwa London mwaka 1895. Hadi leo mkusanyaji makini wa sarafu hizi huanza na Walker. Nami katika makala hii nimemfuata yeye, na zaidi nimemfuata Neville Chittick, aliyeichimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960 na kutoa majuzuu mawili mwaka 1974.

Na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Tarikhi inasema watawala wa Kilwa walikuja kwa majahazi kutoka Shiraz, baba na wanawe sita, kila chombo kikatua mahali pake, na kwamba Ali bin al-Hasan ndiye aliyeinunua Kilwa na kuanzisha ukoo wa masultani. Swali lilikuwa moja: lini? G. S. P. Freeman-Grenville, mwanahistoria aliyezipekua tarikhi za pwani na sarafu zake kuliko wengi wa zama zake, alihesabu miaka ya kila sultani iliyotajwa kwenye maandishi ya Kiarabu na yale ya Kireno, akarudi nyuma hadi katikati ya karne ya 10. Kwake Ali alikuwa mtu wa miaka ya 950 na kuendelea.

Chittick hakukubali. Yeye alikuwa mtu wa koleo na brashi. Alisema tarikhi iliandikwa karne nyingi baada ya mambo yenyewe, na kwamba ushahidi uko chini ya udongo. Kila alipochimba Kilwa, sarafu za Ali bin al-Hasan zilijitokeza kwenye tabaka ambazo, kwa vigae vilivyokuwa navyo, zilikuwa za mwishoni mwa karne ya 12. Chini ya hapo hakuna. Basi, akasema, Ali alitawala karibu na mwaka 1200, na hao wanaoitwa Washirazi waliteremka kutoka pwani ya Benadir, si moja kwa moja kutoka Uajemi. Mwaka 1965 aliichapisha hoja hiyo katika Journal of African History, na kwa karibu miaka 20 ndiyo iliyotawala vitabuni. Ali wa tarikhi akasogezwa mbele zaidi ya karne mbili.

Tuelewe uzito wake. Haukuwa mzozo wa tarehe tu. Ukimweka Ali karne ya 10, unasema kwamba Kilwa ilikuwa na dola, msikiti na sarafu yake mapema kabisa. Ukimsogeza hadi mwaka 1200, miji hii inaonekana imechelewa, na Uislamu wa watawala wake unaonekana mgeni zaidi. Kila upande ulikuwa na sarafu ileile mkononi, yenye dua ileile, na kila upande ulijiona umeshinda.

Mwaka 1984 Mark Horton alikuwa akichimba Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya maji kutoka Wete. Hazina iliyotoka pale ilikuwa na sarafu ndogo za fedha zenye majina ya watawala kadhaa wa hapa hapa pwani, zote kwa mtindo uleule wa jina upande mmoja na sifa ya Mungu upande wa pili. Miongoni mwao alikuwamo Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu, zikiwamo za Wafatimi wa Misri. Dinari, tofauti na sarafu za kwetu, huandikwa mwaka. Ya mwisho kabisa kati ya hizo ni ya mwaka 1066. Helen Brown wa Ashmolean Museum, Oxford, alizisoma, na matokeo yakatoka katika jarida la Azania mwaka 1986.

Maana yake ni nyepesi kueleza na nzito kukubali kwa aliyejenga jina lake juu ya mwaka 1200. Kama Ali bin al-Hasan alikuwa na sarafu zilizofukiwa pamoja na dinari za karne ya 11, basi hakuweza kuwa amezaliwa karne ya 12. Freeman-Grenville hakupata ushindi kamili, kwa kuwa miaka yake ya 950 nayo ni ya mapema kuliko ushahidi unavyoruhusu. Lakini kitabu cha wazee wa Kilwa, kilichodharauliwa kama hadithi za baadaye, kilikuwa karibu na kweli kuliko tabaka za udongo. Naye Chittick hakukosea katika alichokiona. Sarafu za Ali zilikuwamo kwenye tabaka za mwaka 1200 kwa sababu watu waliendelea kuzitumia. Wanaakiolojia Wynne-Jones na Fleisher, waliochimba Songo Mnara, jirani na Kilwa, kuanzia mwaka 2009, walionyesha jinsi sarafu za watawala wa zamani zilivyoendelea kuzunguka katika mji uliojengwa muda mrefu baada yao. Sultani amekufa, ukoo wake umeondoka, lakini dua yake bado inanunulia watu nafaka.

Baada ya Ali historia inajulikana zaidi. Ukoo wa Mahdali ukashika kiti, na dhahabu ya Sofala ikaineemesha Kilwa. Al-Hasan bin Sulaiman alipanua Msikiti Mkuu na kujenga Husuni Kubwa. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, anaeleza jinsi fukara kutoka Yemen alivyomsimamisha baada ya sala ya Ijumaa akataka nguo alizovaa, papo hapo. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyosifu akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Ukarimu huo ulilipwa kwa miili ya watu, na hilo tusilifiche. Lakini ndiye huyo aliyechagua kwenye sarafu yake jina al-Mannan, Mpaji, na ndiye sultani wa Kilwa ambaye sarafu zake za dhahabu zimepatikana, tatu zikachapishwa na Helen Brown mwaka 1991. Sarafu yake nyingine, ya shaba, iliokotwa Great Zimbabwe.

Kisha wakaja Wareno: Vasco da Gama mwaka 1502 akadai kodi, Almeida mwaka 1505 akauteka mji.

Nije kwa yule mwanajeshi. Mwaka 1944 Maurie Isenberg, aliyekuwa kwenye kituo cha rada cha jeshi la anga, alikuwa akivua samaki kisiwani Marchinbar, visiwa vya Wessel, akaona sarafu mchangani. Zilikuwa tisa: nne za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, tano za shaba za Kilwa. Akazitia koponi, zikakaa humo hadi mwaka 1979 alipozipeleka zichunguzwe. Zilifikaje huko? Wapo wanaotaja meli iliyovunjika, wapo wanaotaja mabaharia wa visiwa vya Indonesia, na safari ya utafiti ya mwaka 2013 iliyoongozwa na Ian McIntosh haikumaliza mjadala. Mwaka 2018 ikaokotwa nyingine inayofanana nazo, kisiwani Elcho.

Jambo moja la Isenberg ninalisifu. Kwenye ramani alitia alama ya X pale alipoziokota. Kwa alama hiyo, watafiti waliweza kurudi ufukweni kuanza kuuliza maswali.

Ndicho kinachokosekana kwenye sarafu nyingi za Kilwa zinazouzwa leo kwenye minada ya intaneti. Zinapigwa picha juu ya kitambaa cheusi, maandishi yametafsiriwa vizuri, bei imewekwa, na kuhusu mahali zilipotoka limeandikwa neno moja: Kilwa. Zilitoka makaburini? Zilitoka chini ya sakafu ya nyumba? Huko Songo Mnara wachimbaji walikuta sarafu zimejikusanya karibu na makaburi, wakafikiria kwamba huenda ziliwekwa pale kwa kuwakumbuka wafu. Kama ni hivyo, mtu alichagua kuacha kwa ndugu yake kitu chenye jina la Mungu. Anayeing'oa sarafu ya namna hiyo bila kuandika mahali alipoikuta ameua nusu ya habari yake, na hakuna mnunuzi anayeweza kuirudisha, awe na mapesa kiasi gani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kusafirisha vitu vya namna hii nje bila kibali. Sheria peke yake haimfikii mvuvi anayeokota kipande cha kijani baada ya mvua. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya zilizo hatarini mwaka 2004, zikatolewa mwaka 2014 baada ya kuta kuimarishwa. Kuta zilistahili. Sarafu hazikupata msukumo kama huo, na mimi sijakutana na orodha yake ya Kiswahili inayoweza kusomwa na mtu wa Kilwa Masoko bila kuomba msaada wa mtu mwingine.

Kazi hiyo haihitaji fedha za ajabu. Picha za pande zote mbili, maandishi ya Kiarabu, tafsiri yake, mahali ilipookotwa, na nambari ya simu ya ofisi ya mambo ya kale ya wilaya kwenye ukurasa wa mwisho. Kitabu chembamba, nakala zipelekwe shule za Kilwa na Pemba kwanza, kisha misikitini, ambako wapo wanaoweza kuyasoma maandishi hayo papo hapo na kuwafundisha wengine.