Picha Iliyohamia Sebuleni: Nani Atuchagulie?



Kuna swali dogo ambalo huulizwa kila siku katika majumba yetu ya pwani, tangu Tanga mjini mpaka Horohoro mpakani: "Kuna picha gani nzuri ya kutazama leo?" Huulizwa barazani baada ya sala ya Isha, huulizwa baina ya jirani na jirani, na siku hizi huulizwa kwa simu. Anayeulizwa hujibu upesi, bila ya kufikiri: "Tazameni ile, mtaipenda." Kwa neno hilo moja watu wa nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, hukaa saa mbili au tatu mbele ya kioo wakipokea alichowapelekea.

Je, mwenye kujibu hujua amebeba nini? Ili tulielewe jambo hili, yafaa kwanza turudi nyuma tuangalie picha zilivyotufikia, na kila zama nani alikuwa akituchagulia.

Wakati wa kumbi

Ndugu wawili wa Kifaransa, akina Lumière, ndio walioonyesha picha zinazokwenda mbele ya watu waliolipa kiingilio, mjini Paris, mwezi wa Desemba 1895. Jambo hilo halikukawia kuvuka bahari. Unguja ilipata jumba la Royal mwaka 1921. Tanga nayo, mji wa bandari, reli na mkonge, ikawa na kumbi zake, miongoni mwao Majestic, Novelty na Regal. Bara Hindi ilipotoa picha yake ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, mwaka 1931, mlango ulifunguka wa picha za Kihindi, nazo zikapendwa na watu wa pwani kuliko za Kizungu, ijapokuwa wengi hawakujua lugha yake. Walielewa machozi ya mama, hasira ya baba na aibu ya mtoto aliyepotea.

Katika zama hizo mwenye ukumbi ndiye aliyechagua, naye alichagua kwa kuitazamia faida. Lakini mji mzima ulikuwa mhukumu wake. Picha iliyoonyeshwa jioni ilizungumzwa kesho yake sokoni, bandarini na visimani. Kijana hakuweza kuingia ukumbini asionwe na rafiki wa baba yake. Unguja na Mombasa kulikuwako maonyesho ya wanawake peke yao, wakaenda mama zetu na mabuibui yao pamoja na binti zao, wakacheka na kulia bila ya kuvunja staha. Hatusemi kwamba kila kilichoonyeshwa kilikuwa kizuri, wala kwamba masheikh wote waliridhia. Tunasema kwamba ukumbi ulikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na macho ya watu.

Chukua mfano wa Awaara, picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, ambayo kisa chake kiliandikwa na Khwaja Ahmad Abbas. Hakimu anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mtoto wa mtu mwema lazima awe mwema. Anamfukuza mkewe mja mzito kwa dhana tu, na mtoto wa hakimu huyo huyo anakulia mitaani akafundishwa wizi. Au tazama Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, ambamo mama anamwua mwanawe kwa mkono wake kwa kuwa kijana huyo amemteka binti wa kijiji. Mwenye kutoka ukumbini baada ya picha kama hizi alitoka na swali la malezi kichwani, akalifikisha nyumbani kwake. Ndiyo maana wazee wetu wangali wakizikumbuka picha hizo baada ya miaka mingi.

Waliotuchagulia kutoka Vugiri

Pia walikuwako waliotuchagulia bila ya kutuuliza. Si watu wengi wajuao kwamba mkoa wetu wa Tanga una nafasi yake katika khabari hii. Baina ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na kituo cha kutengeneza picha kwa ajili ya Waafrika wa makoloni ya Kiingereza. Fedha zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani, na msimamizi wa utengenezaji alikuwa Meja Notcutt. Zilipigwa picha thalathini na kitu: juu ya safura, malaria ya watoto, mmomonyoko wa udongo, kodi, na uwekaji wa akiba katika benki ya posta. Zikabebwa kwa gari na kuonyeshwa vijijini, Tanganyika na nchi za jirani.

Mengine katika hayo yalikuwa na manufaa. Nani atakataa kufundishwa kumlinda mtoto na malaria? Lakini angalia orodha ile tena. Mafunzo ya afya na mafunzo ya kulipa kodi kwa mtawala yalitiwa katika chombo kimoja, na mtazamaji akanyweshwa yote mawili pamoja. Ndipo tunapopata funzo la kwanza la historia hii: kila picha ina mwenye kuileta, na kila mwenye kuileta ana analolitaka.

Baada ya vita vikuu vya pili zilitoka picha za Kiswahili, na katika Muhogo Mchungu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliigiza kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Huyo ni ushahidi kwamba kuigiza si lazima kuwe kazi ya wasio na mwelekeo.

Mlango unaondoka

Mwaka 1976 Tanzania ilitunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, nambari 4, ikawekwa bodi ya kuzikagua picha kabla hazijaonyeshwa hadharani. Mwaka huo huo, kule Japani, kampuni ya JVC ilitoa mashine ya VHS na kaseti yake. Yaani sheria ya kuulinda mlango wa ukumbi ilizaliwa pamoja na chombo kilichokuja kuuondoa mlango wenyewe.

Sisi tulio kando ya mpaka twalielewa hili zaidi. Horohoro iko kiasi cha kilomita 65 kutoka Tanga, na ng'ambo yake ni Lunga Lunga, njia ya Mombasa. Mpaka huo ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Forodhani mtu huulizwa amebeba nini. Mzigo wa nguo utahesabiwa na gunia la sukari litapimwa. Lakini kaseti ni kitu cha kutia chini ya kikapu, na hata ikionekana, afisa huona sanduku dogo la plastiki tu. Kilichomo ndani hakionekani mpaka kifike sebuleni na mashine iwashwe.

Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bara ikangoja mpaka 1994 kupata vituo vyake. Zikaja sahani za kunasia mitambo ya angani, zikaja DVD, kisha picha zikaingia ndani ya simu. Kumbi moja moja zikafunga milango. Picha iliyokuwa ikitazamwa na mji mzima sasa hutazamwa na mtoto mmoja chini ya shuka.

Kuhukumu bila ya kuona

Hapa pana kisa ambacho kila Muislamu anayependa kutoa rai juu ya picha yafaa akijue. Moustapha Akkad, Mwarabu wa Halab aliyeishi Marekani, alitengeneza picha ya Ar-Risala juu ya mwanzo wa Uislamu. Aliipiga mara mbili: kwa Kiingereza, Anthony Quinn akiigiza Sayyidna Hamza, na kwa Kiarabu, Abdullah Gaith akiwa katika nafasi hiyo. Mtume (S.A.W.) haonekani katika picha hiyo wala sauti yake haisikiki. Hata hivyo uvumi ulienea kwamba Quinn amemwigiza Mtume mwenyewe. Mwezi Machi 1977, mjini Washington, watu wenye silaha waliteka majumba matatu na kushika watu zaidi ya mia moja, na miongoni mwa madai yao ni kwamba picha hiyo iondolewe. Mwandishi kijana wa redio akauawa. Walikuwa na uchungu mwingine pia, wa jamaa zao waliouawa kabla yake. Lakini picha ile waliihukumu kwa uvumi, na damu ikamwagika.

Kosa la upande wa pili ni kusifu bila ya kuona. Mwaka 2011 Uturuki ilianza kuonyesha mchezo mrefu juu ya Sultan Suleiman, aliyetawala tangu 1520 mpaka 1566, na mchezo huo ukafika katika nchi nyingi, zikiwemo zetu. Watu wengi waliupokea kwa furaha: vilemba, misikiti, majina ya Kiislamu! Lakini huko huko kwao, mwaka 2012, Recep Tayyip Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliulaumu hadharani kwa kumwonyesha mtawala huyo katika mambo ya wake wa jumbani, na hali umri wake mwingi aliutumia vitani. Kilemba hakiifanyi picha kuwa ya dini, kama vile kukosa kilemba hakuifanyi kuwa haramu.

Wajibu wetu

Wanavyuoni wetu wa hadithi walipoletewa neno, waliuliza kwanza: nani kasema, naye kalipokea kwa nani? Walimpima mpokezi, ukweli wake na hifadhi yake, kabla ya kulikubali. Na Kurani inatuamrisha tuhakikishe tunapoletewa khabari na mtu asiyeaminika. Kwa nini basi katika jambo linaloingia vyumbani mwetu tumwamini kila apitaye?

Kwa hiyo, ndugu yangu, usimsifie mwenzio picha ambayo hukuitazama mpaka mwisho; huo ni ushahidi, na shahidi hushuhudia alichokiona. Ukiisifu, sema inamfaa nani: ya watu wazima isije ikafika kwa watoto kwa ulimi wako. Sema wema wake na ubaya wake, kama muuzaji mwaminifu aonyeshavyo kasoro ya bidhaa. Na wewe baba, na wewe mama, kaeni na watoto wenu mtazame pamoja, kisha muwaulize: "Huyu alikosea wapi? Wewe ungefanyaje?" Hivyo ndivyo Awaara ilivyokuwa darsa badala ya upuuzi.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Bodi ya serikali haifiki sebuleni, na afisa wa Horohoro haoni kilichomo katika simu ya mwanao. Forodha iliyobaki ni wewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye haya, ndimi zenye ukweli na nyumba zenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.