Besi ya Katanga ilianzia kwenye kidole gumba

Hapa Kasapa, kwenye ndoa na matanga, watu wanashangilia mwimbaji na mpiga solo. Mpiga besi anasimama nyuma, na franga zikigawanywa, mara nyingi yeye ni wa mwisho. Hata hivyo muziki wetu umemkalia yeye mgongoni.

Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda, kijana wa Bunkeya, huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Bosco hakuwa na mpiga besi. Kidole gumba chake kilipiga nyuzi nene, cha pili kikaimba juu yake. Gitaa moja, kazi ya watu wawili, na mshahara (kama ulikuwapo) wa mtu mmoja.

Halafu kuna karindula, jina la chombo na la muziki wenyewe: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, mti mrefu, nyuzi nne. Hakikuuzwa dukani, vijana walikiunda wenyewe, na sauti yake nzito inatosha uwanja mzima.

Ndugu mliokimbia vita mkaacha magitaa nyumbani, wengine wenu mmeniuliza mtaanzia wapi. Pipa tupu bado linapatikana hapa Lubumbashi. Ngozi ndiyo inaomba franga.